Sijui kuchora hata paka: naweza kuwa prodyuza wa katuni?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Tanga, nimesomea uhasibu. Nina vijana watatu wanaochora vizuri sana na tumeamua kutengeneza katuni ya watoto ya televisheni. Wao wananiita prodyuza, lakini mimi sijui kuchora hata paka. Kazi yangu hasa ni ipi? Kuna mtu ambaye maisha yake yanaweza kunifundisha? Halafu kuna kampuni imesema itatulipa tutengeneze dakika 10, kwa sharti kwamba wahusika wetu wote wawe mali yao. Nikubali? – Z., Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza matatu, na la mwisho ndilo lililonifanya niweke kazi zangu kando nikuandikie leo leo. Nitalifikia. Ila kwanza nataka nikupitishe kwenye maisha ya mtu mmoja, Lou Scheimer wa Marekani, kwa sababu maisha yake yanayajibu yote matatu, na hilo la mwisho lilimgharimu nyumba aliyoijenga kwa zaidi ya miaka 25.

Scheimer alizaliwa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, tarehe 19 Oktoba 1928. Yeye kuchora alijua. Alisomea sanaa kwenye chuo cha mji huo huo, Carnegie Institute of Technology, kisha akahamia Los Angeles na kuzunguka studio za watu akifanya kazi za katuni. Kwenye studio ya Larry Harmon alikutana na mchoraji mwenzake, Hal Sutherland, na mwaka 1962 wawili hao wakaanzisha studio yao, Filmation. Muda si mrefu akajiunga nao mtu wa tatu, Norm Prescott.

Huyo Prescott ndiye nataka umtazame vizuri. Hakuwa mchoraji. Alikuwa mtangazaji wa redio aliyetoka Boston, mpiga santuri, mtu wa kuongea na kuuza. Scheimer alikuwa na mkono wa kuchora, Sutherland akawa mwongozaji, na Prescott akawa mlango wa kutokea nje: kutafuta pesa, kubisha hodi kwenye vituo vya televisheni. Kwa miaka mingi majina ya Scheimer na Prescott yalionekana pamoja kama maprodyuza. Na yalionekana kwa namna ambayo mpaka leo nikiiona nafurahi: yaliandikwa kwenye duara, yakizunguka kama gurudumu, jina moja likilifukuza lingine, ili asiwepo wa kwanza wala wa pili. Kwa hiyo swali lako la kuchora limeshajibiwa na gurudumu hilo. Mchoraji na asiyejua kuchora walikalia kiti kimoja.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani prodyuza ni mwenye pesa, au bosi wa kupiga kelele. Kwenye katuni za televisheni prodyuza ni mtu anayehesabu, na anahesabu vitu viwili tu: muda na watu. Wewe umesomea uhasibu, kwa hiyo twende kwa hesabu.

Filamu ya zamani hupita picha 24 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 22 kina sekunde 1,320, yaani picha 31,680. Hakuna studio ya televisheni duniani inayochora picha 31,680 mpya kwa kipindi kimoja kila wiki. Kwanza kila mchoro unashikiliwa kwa picha mbili, namba inashuka mpaka 15,840, na bado ni nyingi mno. Hapo ndipo prodyuza anaanza kazi. Mwili mzima usimame, mdomo peke yake utembee. Mandhari moja itumike mara sita. Mhusika akigeuka, asigeuke kwa michoro minane, ageuke kwa mitatu. Kila uamuzi wa namna hiyo unaokoa siku ya mtu, na kila mmoja unachukua kitu kwa mtazamaji. Kujua kipi kichukuliwe na kipi kisiguswe, hiyo ndiyo kazi yako.

Scheimer aliipeleka hesabu hii mbali kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Filmation walijenga hazina ya michoro. Mhusika akichorwa anakimbia, mara nyingine kwa kumpiga picha mtu halisi akikimbia na kufuatisha umbo lake, mkimbio ule ulihifadhiwa na kuandikwa kwenye orodha. Kipindi kingine kikihitaji mkimbio, ulitolewa kabatini, ukawekwa juu ya mandhari mpya. Chukua He-Man, katuni yao ya miaka ya 1980, ile sehemu ya shujaa huyo akiinua upanga na kugeuka kutoka mwana wa mfalme mlegevu kuwa shujaa. Ilichorwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu walijua watairudia kipindi baada ya kipindi. Hapo waliweka pesa. Mahali pengine wakaibana.

Wakosoaji waliwacheka sana kwa hilo, na nakiri ukitazama vipindi vitano mfululizo unaona sura ile ile ikitokea kwenye kona ile ile ya skrini. Lakini sikiliza alichokuwa anakinunua kwa michoro ile ya kurudia. Tangu miaka ya 1970 studio kubwa za Los Angeles zilianza kupeleka kazi ya kuchora nje, hasa Taiwan na Korea Kusini, kwa sababu mishahara ya huko ilikuwa midogo. Mwaka 1982 wafanyakazi wa katuni wa mji huo waligoma kwa ajili ya jambo hilo hilo. Filmation walibaki. Walipangia ratiba, waliandika, walichora, walipaka rangi na kupiga picha nyumbani, karibu kila kitu, wakati wenzao walikuwa wanafunga meza za wachoraji. Mimi ni mtu wa kazi hii na nasema bila kusita: kati ya mkimbio mpya uliochorwa mbali na mkimbio wa zamani uliomwacha mama wa watoto wawili na ajira yake, nauchagua huo wa zamani. Ndani ya nyumba hiyo walipita vijana kama Paul Dini na Bruce Timm, ambao baadaye waliipa televisheni Batman wa miaka ya 1990. Kijana hafundishiki kwa kazi iliyopelekwa nje.

Nirudi nyuma kidogo, maana nimeruka kisa anachokipenda kila mtu. Katikati ya miaka ya 1960 Filmation ilikuwa karibu kufunga mlango. Kampuni yenye Superman ikawa inatafuta studio, na mtu wao akataka kuja kuona wachoraji wakiwa kazini. Wachoraji wenyewe hawakuwepo. Scheimer alikuwa akisimulia kwamba waliwaita marafiki wakakaa kwenye meza wakiinamia karatasi, mgeni akapita, akaona nyumba yenye shughuli, akaondoka ameridhika. Sikuambii ufanye hivyo, na ningekuwa mgeni yule ningekasirika kugundua. Nakuambia kilichofuata: baada ya mkataba kusainiwa, ilibidi meza zile zijae watu kweli, walipwe kweli, na kazi itoke kwa tarehe. Ikatoka. Superman alianza kwenye televisheni ya CBS tarehe 10 Septemba 1966, na Jumamosi asubuhi ya watoto wa Marekani ikajaa mashujaa kwa miaka iliyofuata. Kuahidi hata mwizi anaweza. Mwaka ule Scheimer alitimiza.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo hutalipata kwa Scheimer, nikupe mimi. Katika katuni sauti hurekodiwa kwanza, kuchora kunafuata, na midomo huchorwa kulingana na sauti. Waingereza na Wamarekani wanahangaika na midomo mingi kwa sababu vokali zao ni nyingi na maneno yao yanaishia kwa konsonanti. Sisi tuna vokali tano. Chora mdomo wa a, wa e, wa i, wa o na wa u. Ongeza mdomo uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p, na mmoja ambapo meno ya juu yanagusa mdomo wa chini kwa ajili ya f na v. Saba. Karibu kila neno letu linamalizikia kwenye vokali, kwa hiyo mhusika akimaliza kusema mdomo uko wazi, na ukimfumba haraka mno mtoto anaona kuna kitu kimekatika hata kama hawezi kukieleza. Mwache picha mbili au tatu mdomo ukiwa wazi, ndipo ufumbe. Miaka yangu ya mwanzo tulitumia chati ya midomo ya Kiingereza tuliyoipata kwenye kitabu, tukafanya wiki nzima kazi ambayo tungeimaliza kwa siku mbili, na bado wahusika wetu walionekana kama wanatafuna.

Ratiba ya Scheimer ilifikia kilele mwaka 1983 na He-Man. Kabla ya hapo katuni nyingi mpya zilitengenezewa mitandao mikubwa ya televisheni, vipindi 13 au 16 kwa msimu, vya Jumamosi. He-Man iliuzwa moja kwa moja kwa vituo vya miji, kila siku ya kazi, na hilo lilihitaji vipindi 65: siku tano kwa wiki 13. Mpaka inakwisha ilikuwa na vipindi 130. Pigia hesabu zile picha 31,680 mara 65 uone kwa nini kabati la michoro lilikuwa roho ya nyumba. Waigizaji wa sauti walikuwa wachache, kila mmoja akibeba wahusika kadhaa, na Scheimer mwenyewe aliingia kwenye chumba cha sauti akamfanya Orko, yule mchawi mdogo anayeelea, jina lake likaandikwa Erik Gunden. Prodyuza mwenye vipindi 65 mgongoni bado anapata muda wa kuwa Orko. Hapo najua aliipenda kazi yake.

Sauti zinanikumbusha kosa lake moja, na nataka ulijue kwa sababu wewe pia utashawishika kulifanya. Mwaka 1973 Filmation walitengeneza kwa katuni Star Trek, kipindi cha safari za chombo cha anga, kwa ajili ya televisheni ya NBC ya Marekani. Bajeti ilikuwa finyu, na mpango wa mwanzo uliwaacha nje Nichelle Nichols na George Takei, wawili walioonyesha kwenye kipindi cha asili kwamba mwanamke mweusi na mwanamume wa asili ya Kijapani wana viti vyao kwenye chombo kile. Sauti zao zingefanywa na waigizaji wengine waliokwisha kulipwa. Kwa karatasi ya hesabu ilikuwa sawa kabisa. Leonard Nimoy, mwigizaji mwenzao wa kipindi cha asili, akakataa kurekodi mpaka hao wawili warudishwe, na wakarudishwa. Kipindi kile kilishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 1975. Kwa hiyo nikisema prodyuza ni mtu wa kuhesabu, ongeza na hili: kuna watu ambao ukiwatoa kwenye hesabu, kinachobaki si kile ulichoahidi.

Kwa kuwa katuni yako ni ya watoto, soma pia habari za Fat Albert, iliyoanza mwaka 1972 na kuonyesha watoto weusi wa mitaa ya Philadelphia. Mwenye wazo alikuwa Bill Cosby, na yaliyokuja kujulikana juu yake baadaye yanaumiza sana. Lakini utaratibu wa ndani ya studio ni wa kuigwa: kulikuwa na jopo la wataalamu wa elimu, likiongozwa na Gordon Berry wa chuo kikuu cha UCLA, lililosoma hadithi kabla hazijachorwa. Kabla, mdogo wangu. Kurekebisha mstari kwenye karatasi ni dakika tano. Kurekebisha mstari uliokwisha kuchorwa ni wiki. Hapa kwetu Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2013 na kuingiza Ubongo Kids TBC1 mwaka 2014, imewazoesha wazazi kwamba katuni ya Kiswahili inaweza kufundisha hesabu na bado mtoto akaing'ang'ania. Watazamaji wako wameshaonja, hawatapokea chochote tu.

Sasa mkataba.

He-Man hakuwa wa Filmation. Alikuwa mwanasesere wa kampuni ya Mattel, aliyekuwa madukani tangu mwaka 1982, na kipindi kilifuata. Watu wengi walikasirika, chama cha Action for Children's Television kikalalamika kwamba hayo ni matangazo ya dakika 22, na nadhani walikuwa na hoja. Scheimer alijibu kwa kuweka funzo mwishoni mwa kila kipindi na kumfanya shujaa mwenye upanga asiyemkata mtu. Naamini alikuwa mkweli. Hata hivyo dola za wanasesere, ambazo zilikuwa nyingi mno, kwa sehemu kubwa zilikwenda kwa mwenye mwanasesere.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi. Mwaka 1969 Filmation yenyewe iliuzwa kwa TelePrompTer, kampuni ya televisheni ya kebo. Ilikuwa ahueni ya pesa, na Scheimer aliendelea kuiongoza, kwa hiyo kwa nje hakuna kilichobadilika. Mwaka 1981 Westinghouse wakainunua TelePrompTer, na Filmation ikaenda nayo kama mbuzi anayeuzwa pamoja na shamba. Miaka ya mwisho ya 1980 soko likapoa. Ndipo likaja kundi la wawekezaji lililoongozwa na L'Oréal, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, ambalo lilichokitaka ni lile kabati, yaani vipindi vya zamani vya kuonyesha Ulaya. Wachoraji hawakuwamo kwenye mahesabu yao. Studio ilifungwa Ijumaa tarehe 3 Februari 1989. Siku iliyofuata, tarehe 4, ndiyo ilikuwa inaanza kutumika sheria mpya ya Marekani inayomlazimu mwajiri mkubwa kuwapa wafanyakazi notisi ya siku 60 kabla ya kuwaachisha kwa wingi. Siku moja. Zaidi ya watu 200 walitoka na vifurushi vyao.

Mtu aliyekataa kwa miaka mingi kuwapelekea watu wengine kazi ya watu wake hakuwa na kura siku ile, kwa sababu sahihi yake haikuwa kwenye umiliki. Aliishi mpaka tarehe 17 Oktoba 2013, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 85. Alijaribu tena kwa kampuni ndogo, lakini nyumba kama ile hakuijenga tena.

Basi, hiyo kampuni yako. Sikuambii ukatae pesa. Kufanya kazi ya mtu mwingine kwa malipo ni shule halali: vijana wa Homeboyz wa Nairobi walichora Tinga Tinga Tales iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2010, utayarishaji ukiongozwa na Tiger Aspect ya London, na walitoka humo na ujuzi ambao hakuna darasa lingewapa. Lakini ile ilikuwa kazi iliyokuja na wazo lake. Wewe unaombwa utoe wahusika ambao vijana wako wamewalea. Waambie hivi: tutawatengenezea dakika 10 za tangazo au hadithi yenu, kwa wahusika wapya tutakaowabuni kwa ajili yenu, na hao chukueni. Wale wa kwetu, kama mnawataka, tutawakodisha kwa muda unaotajwa, tuseme miaka miwili, kwa matumizi yanayotajwa, na muda ukiisha wanarudi nyumbani. Wakikubali, mpelekee mwanasheria asome kabla ya kalamu. Wakikataa yote mawili, umejua walichokuwa wanakitaka.

Na kabla ya kukutana nao, nenda na namba. Dakika 10 ni sekunde 600. Kwa michoro 12 kwa sekunde ni michoro 7,200. Vijana watatu, kila mmoja akimaliza michoro safi 20 kwa siku, ni 60 kwa siku, yaani siku 120 za kazi, karibu miezi sita ya mishahara. Ukipanga vizuri, midomo saba, mandhari za kurudia, mkimbio mmoja uliohifadhiwa, michoro mipya inaweza kushuka mpaka 2,400, nayo ni siku 40. Ongeza siku 10 za umeme kukatika na kompyuta kugoma, usizifiche, ziandike kwenye ratiba kwa jina lake. Usitumie hii 20 yangu. Kesho kaa na kila kijana, weka saa mezani, mwache achore mhusika mmoja akitembea hatua mbili, kwa utulivu, bila kumharakisha, uandike dakika alizotumia. Nitumie hizo namba tatu na rasimu ya mkataba, tuzipitie pamoja kabla hujasaini.